Fudge si Tamu Kila Mahali

Leo nataka tulikalie neno moja la Kiingereza, fupi, la herufi tano tu, ambalo huwatoa jasho wahariri wa habari za nje. Neno hilo ni fudge. Mtu aliyewahi kuishi Uingereza au Marekani atakuambia upesi kwamba fudge ni kitu cha kula, cha sukari, na hatakuwa amekosea. Lakini Waingereza haohao husema kwamba mhasibu amefanya fudge kwenye vitabu vya hesabu, kwamba mkutano wa chama umemalizika kwa fudge, kwamba mwanasayansi ametia fudge kwenye kanuni yake. Habari hizo hutufikia mezani asubuhi, na ikifika saa saba mchana zinatakiwa zisomwe kwa Kiswahili.

Hoja yangu ni moja. Neno hili huwasaidia Waingereza kulainisha makosa ya watu, hasa wakubwa, na sisi tunaolipokea hatuna sababu ya kuupokea ulaini huo. Anayetafsiri atazame tendo lililofanyika, kisha alitaje kwa jina lake la Kiswahili. Majina tunayo, tena mengi na makali.

Tuanze na cha kula, kwa sababu ndicho kinachopendwa. Fudge ni sukari, maziwa au malai, na siagi, vikipikwa pamoja mpaka viwe vizito, kisha vikamiminwa, vikaganda na kukatwa vipande vya mraba. Msikilizaji wa Unguja au wa Tanga ameshaanza kusema, hiyo si labania? Naam, ni jamaa wa karibu sana wa labania. Tofauti ni kwamba wao hutia vanila au chokoleti, sisi tunatia iliki.

Upishi wake una ufundi unaostahili kuelezwa vizuri. Sukari ikishayeyuka kwenye maziwa, sufuria huachwa ichemke mpaka joto lifike nyuzi 112 hadi 116 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto hudondosha tone moja kwenye bakuli la maji baridi. Tone likisambaa, bado. Likijikusanya kuwa kidonge laini kinachobonyea vidoleni, sufuria inaipuliwa. Hapo ndipo penye mtihani, maana mpishi anatakiwa asiiguse. Anaiacha ipoe mpaka mkono uweze kuishika sufuria, ndipo anachukua mwiko na kupiga kwa nguvu, bila kupumzika, mpaka ule mng'ao wa juu upotee. Sababu ni kwamba sukari iliyomo ni nyingi kupita kiasi ambacho maji yaliyobaki yanaweza kuishikilia, kwa hiyo inatafuta tu upenyo igeuke fuwele. Ukikoroga ingali moto, fuwele chache huota na kukua, na ulimi utahisi mchanga. Ukisubiri ipoe, fuwele huota kwa maelfu kwa wakati mmoja, zote ndogo, na kipande huyeyuka mdomoni. Waskochi wana kitamutamu chao kiitwacho tableti, cha zamani kuliko fudge na kigumu zaidi, na mkwaruzo ule wa fuwele ndio wanaoupenda.

Fudge yenyewe, kwa jina hilo, ni mtoto wa Marekani. Habari zake za mwanzo zinazoaminika zimo katika barua ya Emelyn Battersby Hartridge, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha wanawake cha Vassar, huko Poughkeepsie katika jimbo la New York. Aliandika kwamba binamu wa mwenzake mmoja alikuwa akiitengeneza mjini Baltimore mwaka 1886, na ikiuzwa senti 40 kwa ratili. Hartridge akaipata namna ya kuipika, na mwaka 1888 akapika ratili 30 kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Haikuchukua muda vyuo vingine vya wanawake, Wellesley na Smith, navyo vikawa na mapishi yao. Wasichana wale walikuwa wakipika usiku, bwenini, wakati walipotakiwa wawe wamelala. Nawapenda kwa hilo. Katika zama ambazo watu wengi walikuwa bado wakihoji mwanamke anasomea nini chuo kikuu, wao walisoma mchana na usiku wakaipa dunia chakula kipya.

Kutoka hapo fudge ikasambaa. Katika Kisiwa cha Mackinac, jimbo la Michigan, ambako magari yamepigwa marufuku tangu mwaka 1898 na watu hutembea kwa miguu, baiskeli na farasi, fudge imekuwa biashara kubwa ya utalii hata wenyeji wakawapachika wageni jina la fudgies, yaani watu wa fudge. Wapishi huko huimwaga juu ya meza za marumaru mbele ya madirisha, na mgeni anayepita nje anavutwa na harufu. Uingereza nayo ikaipokea, na leo hakuna duka la zawadi huko Devon au Cornwall litakalokosa kiboksi cha fudge ya malai.

Sasa, kabla ya wasichana wa Vassar kuwasha moto, neno lenyewe lilikuwepo kwa zaidi ya miaka mia mbili, na halikuwa na sukari hata chembe.

Katika karne ya 17, kufanya fudge kulikuwa ni kuunga kitu ovyoovyo ili kionekane kimekamilika. Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanadhani limetoka katika neno jingine la kale, fadge, lililokuwa na maana ya kufaa au kuoana. Kwa hiyo fundi aliyefanya fudge alikuwa amelazimisha vipande visivyooana vikae pamoja. Kiswahili cha mafundi wetu kinasema amelipua kazi. Ukuta umesimama, rangi imepakwa, lakini mwenye nyumba akiegemea kidogo tu atajua.

Ipo pia hadithi ya nahodha, nayo naisimulia kwa sababu mtu mwenyewe aliishi. Katika miaka ya 1660 alikuwepo nahodha wa meli ya biashara, jina lake Fudge, ambaye watu walimpa lakabu ya Fudge Mwongo. Mwaka 1665 alikodiwa na serikali ya Uingereza kuwahamisha kwa nguvu Wakwekeri, waumini wa dhehebu la Kikristo, kwenda Jamaika, katika meli iitwayo Black Eagle. Wakwekeri walikuwa wakiadhibiwa kwa kusali kwa namna yao. Zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, walifungiwa humo wakati meli bado iko mtoni Thames, na tauni ikawaingilia. Wengi walikufa kabla ya safari kuanza. Meli ilipofanikiwa kuondoka, ikatekwa na Waholanzi, na mateka waliosalia wakapata uhuru wao Uholanzi. Mwandishi Isaac D'Israeli, baba wa yule Benjamin Disraeli aliyekuja kuwa waziri mkuu, ndiye aliyeieneza habari kwamba mabaharia walichukua jina la nahodha yule wakalifanya neno la uongo. Wanaisimu hawaikubali asili hiyo, na nadhani wana haki, maana neno linaonekana lilitangulia. Lakini sifa ya nahodha haikulipunguzia neno ubaya wake.

Karne iliyofuata neno likawa mlio wa dharau. Mwaka 1766 Oliver Goldsmith alichapisha riwaya ya The Vicar of Wakefield, na humo yumo Bwana Burchell, anayekaa akiota moto huku mabibi wawili wanaojifanya wakubwa wa mjini wakijisifia mambo yao. Kila wakimaliza sentensi, yeye huitikia neno moja tu: fudge! Mtafsiri angemwandikia nini Bwana Burchell kwa Kiswahili? Wengine wangesema "upuuzi", na si vibaya. Mimi ningemwandikia "wapi!", kwa ile sauti ya mzee wa kijiweni anayemsikiliza kijana akisema amekula chakula cha mchana na rais.

Huko Marekani mlio huo umepata kazi nyingine. Kwa kuwa neno linaanza kwa sauti ileile ya tusi zito la Kiingereza, mama aliyejigonga kidole mbele ya watoto hulikatiza tusi njiani na kutoa fudge, kama mtu wa pwani anavyolimeza lake akasema lahaula. Hapa mfasiri wa filamu asiandike habari za peremende. Ajue tu kwamba kuna hasira na kuna staha.

Watu wa magazeti, ndugu zetu, nao walikuwa na fudge yao. Katika magazeti ya Uingereza ya zamani, lilikuwa ni jina la nafasi ndogo iliyoachwa wazi kwenye ukurasa ili habari za dakika ya mwisho zipigwe humo wakati mtambo umeshaanza kazi. Matokeo ya mbio za farasi na kriketi yakiingia jioni, yalichomekwa humo bila ukurasa mzima kupangwa upya. Hakuna uongo katika hiyo, ni ufundi wa kukimbizana na saa.

Na katika sayansi ndimo inamopatikana fudge yenye heshima kuliko zote. Mwaka 1917 Albert Einstein aliona kwamba kanuni zake za mvutano hazikubali ulimwengu utulie mahali pamoja. Zilitaka utanuke au ujikunje. Yeye, kama wanasayansi wengi wa wakati ule, aliamini ulimwengu umetulia. Basi akaongeza kwenye kanuni zake namba moja ya kusawazisha, kwa kusudi hilo tu. Mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble akatoa vipimo vilivyoonyesha kwamba magalaksi yanazidi kutuacha, na mwaka 1931 Einstein akaiondoa ile namba. Miaka mingi vitabu vikaitaja kuwa ndiyo fudge maarufu kuliko zote. Kisha mwaka 1998 timu mbili za wanaastronomia zikagundua kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na namba ile ikarudishwa kwenye kanuni, mara hii kwa sababu vipimo vinaidai. Wanasayansi watatu wa timu hizo, Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2011.

Tazama jambo hili kwa makini, msikilizaji, maana ndilo linalotenganisha fudge na fudge. Einstein aliichomeka namba yake hadharani. Aliiandika kwenye makala, kila mtu akaiona, akaeleza kwa nini ameiweka, na ilipokuwa haihitajiki akaitoa hadharani vilevile. Kiswahili chake ni namba ya kuchomekea, au namba ya kusawazishia hesabu. Mwandishi akisema Einstein alipika hesabu, atakuwa amemsingizia.

Siasa ni habari nyingine. Mwaka 1980 chama cha Labour cha Uingereza kilikuwa kimegawanyika kuhusu silaha za nyuklia, kuhusu Ulaya na kuhusu namna ya kumpata kiongozi, na mwanasiasa David Owen akawashambulia wenzake mkutanoni kwa kukimbilia fudge, yaani maazimio yaliyoandikwa ili kila upande uyasome upendavyo. Hawakumsikiliza. Mwaka 1981 yeye na wenzake watatu wakajitoa na kuunda chama kipya. Fudge ya namna hii haina namba wala hesabu. Ni suluhu ya kupitisha siku, na watu wote mezani wanajua kwamba ugomvi haujaisha. Wazee wetu walishaitolea methali: funika kombe mwanaharamu apite. Ukiwa na habari ya mkutano wa Brussels au London ulioishia kwa fudge, andika kwamba wajumbe wamefunika kombe, na kila msikilizaji kutoka Kigoma hadi Lamu ataelewa kilichofanyika, pamoja na hofu iliyokifanya kifanyike.

Kuna fudge ya mtu mmoja pia, ya mwanasiasa aliyeulizwa swali la ndiyo au hapana. Mwingereza husema amelifanyia fudge swali. Sisi tunasema amemung'unya maneno. Hapa lugha zetu mbili zimekutana bila kuazimana, maana kinachomung'unywa ni peremende. Inageuzwageuzwa mdomoni, haitafunwi, haimezwi, na muda wote huo mtu hawezi kusema jambo la maana. Ndiyo sababu kiongozi wetu anapotaka aaminiwe husema, "nasema bila kumung'unya maneno." Mfasiri aliyepewa zawadi kama hiyo na lugha yake hana haja ya kuhangaika.

Na wapenzi wa hadithi za Harry Potter watamkumbuka Cornelius Fudge, Waziri wa Uchawi, ambaye anakataa kukubali kwamba mwovu mkubwa kuliko wote amerudi, kwa sababu ukweli utamharibia kazi. J. K. Rowling hakulichagua jina lile hivihivi. Mtoto wa Kiingereza akilisikia ameshaonywa kwamba huyu ni mtu wa kukwepakwepa, wakati mtoto wetu anasikia jina tu.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Fudge ya takwimu.

Nchi za Ulaya zilipoamua kuwa na sarafu moja, zilikubaliana kwamba nakisi ya bajeti ya kila nchi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Ugiriki iliingia kwenye euro mwaka 2001. Mwaka 2004 ikabainika, na serikali yake mpya ikakiri, kwamba nakisi ilikuwa imezidi asilimia 3 tangu mwaka 1999, kinyume na namba zilizokuwa zimepelekwa Brussels. Oktoba 2009, baada ya uchaguzi mwingine, serikali nyingine ikatangaza kwamba nakisi ya mwaka huo ingepita asilimia 12, karibu mara mbili ya ile iliyokuwa ikisemwa muda mfupi kabla. Wakopeshaji wakashtuka. Mei 2010 Ugiriki ikahitaji mkopo wa euro bilioni 110 kutoka kwa wenzake wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Masharti yake yalikuwa kupunguza mishahara, kupunguza pensheni na kupandisha kodi. Wazee waliokuwa wamefanya kazi maisha yao yote wakakatwa walichokuwa wakikitegemea, na vijana wengi wakahama nchi.

Katika magazeti ya Kiingereza, tendo lililoanzisha yote haya liliitwa mara kwa mara fudge. Neno lilelile la wasichana wa Vassar na la duka la zawadi la Cornwall. Sisemi kwamba kila mwandishi wa Kiingereza alikusudia kuficha. Nasema neno lina sukari, na sukari hufunika ladha nyingine. Anayelisoma hatetemeki. Hawazi kwamba mtu aliketi ofisini, akaitazama namba ya kweli, akaandika nyingine. Hata mahakamani hakuna anayeshtakiwa kwa kosa la fudge.

Kiswahili hakitulazimishi kulainisha mambo hivyo. Namba ikitungwa pasipo na kitu, tunasema imepikwa. Hati ikitengenezwa ya uongo, imeghushiwa, na kughushi ni jinai yenye kifungo. Ikiwa ya kweli imechanganywa na ya uongo, imechakachuliwa, na neno hilo lina historia yake ambayo Watanzania wanaikumbuka. Lilitumika kwa wauzaji wa mafuta waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, na dizeli au petroli, magari ya watu yakafia njiani. Mwaka 2010 likaingia kwenye uchaguzi mkuu, vinywani mwa waliolalamikia matokeo, na halijatoka tena. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchanganyo ule usiwe na faida, na mwananchi wa kijijini asiye na umeme akalipa zaidi kuwasha kibatari chake kwa sababu ya udanganyifu wa wengine. Anayesema "chakachua" anayabeba yote hayo. Neno lina harufu ya mafuta na gharama ya injini iliyokufa.

Najua kishawishi kilichopo. Saa zimekwenda, habari ni ndefu, na mhariri anaona heri aandike "takwimu zilirekebishwa" au "zilipangwa vizuri", apate neno lisilomgombanisha na mtu. Kurekebisha ni kuondoa kosa. Aliyeingiza kosa kwa makusudi hakurekebisha, na kumwandikia hivyo ni kumpa shukrani kwa jambo alilopaswa kulitolea maelezo. Kwa upande wa pili, haki itendeke pia. Pale ambapo haijathibitika kwamba mtu alikusudia, tuseme takwimu zilikuwa na makosa, au kwamba wapinzani wake wanadai zimepikwa, na tumtaje anayedai. Ukali wa neno uende sawa na ushahidi uliopo mezani.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika na kusoma habari, likija neno hili tena msilisake kwenye kamusi peke yake. Someni habari mpaka mwisho muone ni sufuria, ni mkutano, ni kanuni ya fizikia au ni hazina ya taifa. Na wewe msikilizaji, ukitusikia tunasema namba za serikali yoyote, iwe ya Ulaya au ya hapa kwetu, "zimewekwa sawa", na wewe unajua kwamba zimeghushiwa, tupigie simu siku hiyohiyo, utuambie tulitangaze tendo hilo kwa jina lake.